Kila Mti wa Nairobi Una Kesi Yake

Saa tano kamili asubuhi ndovu wadogo hutoka kichakani, mmoja nyuma ya mwenzake, mbio mbio kuelekea chupa za maziwa. Ni kituo cha ndovu mayatima kilichomo ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, na umma huruhusiwa kuingia kwa saa moja tu, hadi adhuhuri. Mmoja wao alijitupa kwenye tope jekundu, akajiviringisha, akaturushia matone sote tuliobanana kwenye kamba. Shemeji yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alipangusa simu kwa upindo wa shati kisha akaniinamia sikioni. "Shemeji, watu wote hawa naona wametoka ng'ambo. Nyinyi wenyeji hawa tembo mnawaona lini?"

Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo. Nimeishi Nairobi zaidi ya miaka ishirini na hiyo ilikuwa mara yangu ya pili pale. Mara ya kwanza pia nilikuwa nimempeleka mgeni.

Jiji hili lina ratiba moja ya mgeni, na kila dereva wa van ya watalii anaijua kama Baba Yetu. Alfajiri mnaingia mbugani kabla simba hawajakimbia jua. Saa tano ndovu. Mchana mnakwenda Kituo cha Twiga, Lang'ata, mgeni apande jukwaa la mbao amlishe twiga kwa kiganja na kuachiwa mate hadi kwenye kifundo cha mkono. Kisha nyumba ya Karen Blixen, mwandishi mlowezi kutoka Denmark, kisha duka la vinyago ambalo dereva ana maelewano nalo, kisha nyama choma. Saa mbili usiku mgeni yuko hotelini, na kesho yake yuko njiani kwenda Maasai Mara. Nairobi ameshaiona.

Sina ugomvi na kituo hata kimoja katika hivyo. Kuwaona faru weusi wakila majani kilomita saba hivi kutoka katikati ya mji mkuu ni jambo la kumfanya mtu akae kimya kidogo. Mbuga ina kilomita mraba 117, ndege wa aina zaidi ya 400, na karibu kila mnyama anayetafutwa na mtalii isipokuwa ndovu, ukiwaondoa hao mayatima. Ugomvi wangu ni na ratiba yenyewe. Inamzungusha mgeni kona moja tu ya jiji, kusini magharibi, na inamwachia picha kwamba kijani cha Nairobi kilipandwa na Mungu, kikabaki chenyewe. Hakikubaki chenyewe. Karibu kila kipande unachokiona leo kuna mtu aliyekigombania, mahakamani, barabarani au kwa damu yake, na vipande vilivyokosa wa kuvigombania tunavijua kwa majina ya maghorofa yaliyosimama juu yake. Hicho ndicho kivutio kikubwa cha jiji hili. Mgeni haonyeshwi.

Chukua hiyo mbuga. Kabla haijatangazwa mwezi Desemba 1946, ilikuwa uwanda wa malisho wa Wamaasai, na wakati wa vita vya dunia majeshi yakaitumia kwa mazoezi. Wafugaji waliondolewa ili wanyama wakae. Baadaye jiji likakua, ukajengwa ua kaskazini, mashariki na magharibi, kusini pakaachwa wazi kwenye Mto Mbagathi ili nyumbu na pundamilia wavuke mvua ikinyesha, waende nyanda za Athi na Kapiti, warudi ukame ukianza. Sasa upande ule wa pili ni Kitengela, na Kitengela ni ploti, kuta za mawe na vibao vya "ardhi inauzwa". Makundi ya nyumbu yaliyokuwa yakivuka kwa maelfu yamebaki hadithi ya wazee. Ndani ya mbuga kwenyewe, reli ya SGR inapita juu ya nguzo ndefu kuelekea Naivasha, na twiga hupita chini yake kama mtu anayepita chini ya kamba ya kuanikia nguo.

Dereva wetu alisimamisha gari mahali pale ambapo kila dereva husimama, tupige ile picha ya mnyama mbele na maghorofa nyuma. Ni picha nzuri, ninayo nami. Lakini nilimwomba atupeleke pia penye majivu ya pembe za ndovu, na ilibidi nimwombe mara mbili. Hapo ndipo Rais Moi alipochoma tani 12 za pembe mwezi Julai 1989, dunia nzima ikitazama, na ndipo Rais Uhuru Kenyatta alipochoma tani 105 mwezi Aprili 2016. Shemeji alisimama pale muda mrefu kuliko aliosimama kwa simba. Alitaka kujua harufu ilikuwaje.

Siku ya pili nilimpandisha KICC, jumba la mikutano ya kimataifa katikati ya jiji. Jumba hilo lilikamilika 1973, lina urefu wa mita 105, na kwa ada ya kiingilio lifti inakufikisha karibu na kilele, kisha unamalizia kwa ngazi hadi uwanja wa helikopta. Ningekuwa na mamlaka, kila mgeni wa Nairobi angeanzia hapa kabla hajaonyeshwa hata swara. Tazama magharibi: miti imefunika mapaa. Unaona vilele vya majumba ya Upper Hill, halafu kijani kitupu kuelekea Kilimani na Lavington, na kule mwisho migongo ya Ngong kama ngumi iliyofungwa. Geuka mashariki: mapaa yamefunika ardhi. Muthurwa, Gikomba, Pumwani, kisha mabati na maghorofa ya kupangisha yaliyobanana hadi macho yanachoka. Unaweza kuuona mpaka wenyewe kama mshono wa nguo.

Sehemu ya mshono huo ni kazi ya maumbile. Magharibi kuna mwinuko, mvua zaidi na udongo mwekundu. Mashariki ni tambarare yenye udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Lakini maumbile hayakuamua nani akae wapi. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyowagawia Wazungu vilima, Wahindi Ngara na Parklands, na Waafrika huo udongo mweusi, Pumwani ikianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makazi yao. Uhuru ulipokuja 1963 kigezo cha rangi kiliondolewa, kikaingia cha mfuko. Ndiyo maana ratiba ya watalii inazunguka Karen na Lang'ata: hayo yalikuwa mashamba ya walowezi. Karen Blixen alikaa kwenye ile nyumba kuanzia 1917 hadi 1931, kahawa ikamshinda kwa sababu mahali pale ni juu mno na pana baridi, shamba likauzwa na kukatwa viwanja vya matajiri. Kituo cha Twiga nacho kilianzishwa 1979 na Mkenya mwenye asili ya Uingereza na mkewe Mmarekani. Mgeni anayemaliza siku yake Karen ametembezwa katika bustani ya mlowezi, akaambiwa ndiyo Afrika.

Na mashariki? Si kweli kwamba hakuna kitu. Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, nyumba zake ndogo za mawe zimezunguka viwanja vya nyasi na miti mikubwa, mpango ambao mitaa mingi ya kifahari ya leo haina. Korogocho kuna vijana waliosafisha ukingo wa Mto Nairobi uliokuwa jaa la taka, wakapanda migomba na maua, wakaweka bembea za watoto. Karibu na mzunguko wa Globe, pale palipokuwa na gereji na vibanda, kuna bustani ya Michuki, na mtu anaweza kukaa kando ya mto bila kuziba pua siku zote. Lakini pia, ukitoka mashariki ukaenda karibu na Kibera, kuna Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953, ambalo watu waliwahi kulitumia kwa mashua za tanga na leo limefunikwa na magugu maji hadi mgeni hudhani ni shamba. Hilo halikupata wa kuligombania mapema.

Tulishuka KICC kwa miguu hadi Jeevanjee, tukala mahindi choma kwenye benchi. Bustani hiyo ndogo mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa wakazi wa jiji mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kuigeuza jengo na maegesho, na mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama kidete pamoja na wengine hadi mpango ukafa. Leo saa za mchana ukumbi wa siasa hufunguliwa hapo bila spika: watu wanaojiita Bunge la Mwananchi hubishana bajeti, mpira na Biblia kwa sauti ile ile. Shemeji alitaka kuchangia hoja kuhusu bandari ya Tanga. Nikamvuta mkono.

Kutoka hapo hadi Uhuru Park ni mwendo mfupi. Wa rika langu tunayo ile picha: mtoto amevishwa suti ya Krismasi, ameketi juu ya farasi aliyechoka, mpiga picha akihesabu moja, mbili, tatu. Jumapili ya Wanairobi wasio na gari ilikuwa pale, mashua kwenye kidimbwi, mhubiri chini ya mti, soda baridi. Hifadhi hiyo ya wazi ilifunguliwa 1969. Miaka ishirini baadaye serikali ya Kanu ilitaka kusimamisha humo jumba la ghorofa 60 la chama na gazeti lake. Mwanamazingira Wangari Maathai aliandika barua kwa kila aliyedhani atasikia, ndani na nje ya nchi. Bungeni alitukanwa, shirika lake likafukuzwa katika ofisi ya serikali, lakini wafadhili wakaingiwa na baridi na mradi ukafa. Mwaka 1992, kwenye kona moja ya bustani hiyo hiyo, akina mama wazee waliokuwa na wana wafungwa wa kisiasa waligoma kula. Polisi walipowavamia kwa marungu, baadhi yao walivua nguo, laana ambayo mtu mwenye mama hahitaji kuelezwa. Na tarehe 27 Agosti 2010 katiba mpya ikatangazwa katika uwanja huo huo.

Nenda leo uangalie kama kuna mtu wa kukusimulia haya. Utapata vijia vipya vya saruji, kwa kuwa bustani ilifungwa 2021 kwa ukarabati uliochukua muda mrefu, na utapata Expressway ikipita ubavuni. Barabara hiyo ya kilomita 27, iliyofunguliwa 2022, ilikuwa imechorwa imege kipande cha bustani. Kelele zikapigwa na mchoro ukasogezwa. Hata hiyo ni hadithi ya kumwambia mgeni. Katika miji mingine ningemwonyesha kanisa la kale. Hapa namwonyesha nyasi ambazo zilikataa kuwa ghorofa.

Najua jibu la wenye van. Mgeni amelipa dola zake aone simba, watasema, hakuja kusikiliza kesi za ardhi. Nimewahi kufanya kazi ya kutembeza watu kwa msimu mmoja, na kampuni moja ilinipa onyo kwa sababu nilikuwa "nasema sana siasa" njiani. Siku hiyo nilikuwa nimesema tu kwa nini msitu tunaoupita una ua. Lakini ni wageni walioniuliza. Mtu akiona msitu mzito katikati ya jiji lenye watu milioni 4.4, kwa hesabu ya sensa ya 2019, swali la kwanza linalomjia ni kwamba umeponaje. Kumnyima jibu ni kumpunja.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sina shamba, kwa hiyo siku ya tatu nilimpa shemeji miguu yake mwenyewe, tukapanda matatu ya Barabara ya Limuru hadi Msitu wa Karura.

Langoni wanakagua mifuko. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi. Tangu Juni 2020 zimepigwa marufuku katika misitu, mbuga na fuo zote zilizohifadhiwa nchini, na askari wa zamu alizichukua zetu mbili bila maneno mengi. Malipo ni ya simu. Mgeni wa nje hutozwa zaidi ya mwenyeji, na anayefika na noti mkononi hujikuta akimtafuta msamaria wa kumlipia. Ukishapita hapo, jiji linazimika. Unasikia magari kwa dakika kumi za mwanzo, halafu unasikia tu vyura, na mkimbiaji anayepumua nyuma yako akiomba njia. Tulifuata kijia cha udongo mwekundu hadi kwenye maporomoko, maji yakianguka kutoka kwenye mwamba kama pazia, halafu tukafika kwenye mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau waliyatumia kujificha. Kima weusi kwa weupe wenye mikia kama manyoya ya sherehe, mbega, walikuwa juu ya mti wakitutazama bila heshima.

Msitu huu una hekta elfu moja na ushee, na ulitangazwa hifadhi 1932. Miaka ya 1990 ulikuwa umeanza kugawiwa kimya kimya. Watu walioitwa "wastawishaji wa kibinafsi" walipewa vipande na hatimiliki zikatoka, miti ikaanguka. Mwaka 1998 habari ikafichuka. Wangari Maathai na wenzake wakaingia na miche. Mashine za ujenzi zikachomwa moto. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani. Tarehe 8 Januari 1999, walipofika langoni kupanda mti, walivamiwa na walinzi waliokodishwa, na Maathai akaondoka kichwa kikivuja damu. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Mwaka 2011, alipofariki mwezi Septemba, Karura ilikuwa imefunguliwa kwa umma ikiwa na ua wa umeme kuuzunguka.

Huo ua ndio unaonitatiza. Kwa nadharia siupendi. Msitu wa umma uliozungushiwa nyaya, ukaulipiwa langoni, ukapakana na mitaa ya mabalozi, una harufu ya ule mshono tuliouona kutoka juu ya KICC. Lakini nakumbuka Karura ya kabla ya ua. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyeingia. Ilikuwa njia ya majambazi na mahali pa kutupa maiti, na wanawake wa vijiji vya pembezoni walioingia kutafuta kuni waliingia kwa hofu. Baadaye vijana wa vijiji hivyo wakaajiriwa kuwa maskauti wa msitu, na siku hizi msichana anakimbia humo peke yake na vifaa vya muziki masikioni. Ua ulifanya kazi. Wananchi walioungana kuutunza msitu pamoja na serikali walifanya kazi zaidi ya ua. Ndiyo maana 2025, serikali ilipoelekeza ada zote za langoni zipitie mtandao wa eCitizen, ugomvi ulirudi upya na kufika mahakamani: nani apokee pesa, nani aamue zitumikeje. Wengine waliona ni vita vya mashirika. Mimi niliona msitu ukiendelea na maisha yake ya kawaida, ambayo ni kesi.

Tuliporudi mjini tukateremkia City Park, upande wa Parklands. Hapa hakuna lango la kulipia, na inaonekana. Nyasi zimepungua, mabenchi mengine hayana mbao, na kima wamezoea watu hadi wamekuwa wezi: mmoja alishuka, akachukua ndizi mkononi mwa shemeji, akaketi hatua mbili mbele yake akaimenya. Ndani ya bustani hiyo, mahali pa utulivu penye sanamu za mawe, wamelala Pio Gama Pinto, mbunge na mwandishi wa habari aliyepigwa risasi Februari 1965 mbele ya nyumba yake, na rafiki yake Joseph Murumbi, mtu wa pili kuwa makamu wa rais wa Kenya, aliyetaka azikwe karibu naye. Ni kaburi la mtu wa kwanza kuuawa kwa sababu za kisiasa katika Kenya huru, liko dakika chache kutoka katikati ya jiji, na sijawahi kukuta van hata moja imeegeshwa pale. Wafanyakazi wa ofisi za karibu hupita kwenye njia hiyo wakikata mkato kwenda stendi.

Kwa mwenye saa mbili tu za kupoteza, nitamshauri Arboretum, bustani ya miti iliyo karibu na Ikulu. Ilianzishwa 1907 kwa shughuli isiyo ya kimapenzi hata kidogo: kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka, ipatikane kuni za kuendesha treni za mvuke. Mikaratusi ilitoka Australia. Jakaranda, ambazo kila Oktoba huifunika Nairobi zambarau hadi watu wanasimamisha magari kupiga picha, asili yake ni Amerika Kusini. Uwanda ambapo reli ilifika mwaka 1899 ulikuwa kinamasi na nyasi, Wamaasai wakapaita kwa maji yake baridi, si kwa miti. Sehemu kubwa ya kijani tunachojivunia ni mgeni aliyekuja akakaa. Jumapili hapo utakuta vikundi vya maombi, kila kimoja na mti wake, wakinena kwa lugha huku wanafunzi wakijaribu kusoma.

Nikirudi kwenye swali la shemeji la siku ya kwanza, wenyeji tunawaona lini, jibu lake naona liko kwenye usafiri kuliko kwenye ada. Matatu za 125 na 126 zinazokwenda Rongai hupita mbele ya lango kuu la mbuga, Lang'ata, kila baada ya dakika chache, zimejaa watu ambao hawajawahi kuingia. Mwenye kushuka hapo kwa miguu hawezi kuzunguka mbugani, kwa sababu lazima uwe kwenye gari. Anachoweza ni Safari Walk, ile njia ya mbao iliyoinuliwa pembeni ya lango, ambako unawatazama wanyama kwenye vizuizi vyao. Si vibaya. Ila mzazi mwenye watoto watatu kutoka Kayole ameshalipa nauli mbili kwenda na mbili kurudi, kwa kila kichwa, kabla hajafika kwenye dirisha la tiketi. Basi moja la kuaminika linalotoka katikati ya mji kila Jumamosi, lizunguke mbugani na kurudi, lingefanya kazi ambayo mabango yote ya "tembea Kenya" hayajaifanya. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hapa mgeni amekuja miaka mingi na mwenyeji bado yuko kwenye foleni ya Lang'ata akiangalia ua.

Kitu cha mwisho nilichomwonyesha shemeji hakimo kwenye kitabu chochote cha watalii nilichokiona. Ni mti. Mugumo mmoja mkubwa pembeni mwa Waiyaki Way, Westlands, wenye umri wa zaidi ya karne na urefu wa ghorofa nne. Expressway ilipokuwa ikijengwa, mti huo ulikuwa ung'olewe upelekwe kwingine. Watu wakaandamana, wazee wakakumbusha kwamba mugumo kwa Wakikuyu ni mahali pa kuomba na haukatwi ovyo, na mwezi Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri uachwe. Ukaachwa.

Kuufikia ni kazi. Magari yanakimbia na hakuna kibao. Muuza viazi karai aliyekuwa karibu alipotuona tunaushangaa alisema, "Huu ni ule wa Uhuru," kisha akaendelea kukoroga mafuta. Shemeji alirudi nyuma hatua tatu, akauinua mkono na simu juu kadiri alivyoweza ili mti wote uingie, pamoja na nguzo za barabara. Akamtumia dada yangu Tanga na maneno mawili, "Umebaki huu," bila maelezo.

Jibu lilikuja kabla hatujavuka barabara. "Mti nimeuona. Picha za ndovu ziko wapi?"